Mashine Ikikusalimia Masikioni

Juzi nilipita kwenye kiwanda kidogo cha Hajji hapa Bwera, nilipokoboa kahawa tangu ujana mpaka magoti yaliponigomea, nikakuta vifuniko vya masikio vimetundikwa kwenye msumari. Vilikuwa safi. Vumbi la maganda ya kahawa huingia kila mahali mle ndani, hata kwenye chai, kwa hiyo kifaa kilicho safi ni kifaa kisichovaliwa. Biira, binti aliyeshika mashine baada yangu, alikuwa ameinama, sikio la kulia amelielekeza kwenye chuma, macho nusu yamefumbwa. Nilichoka ghafla, kama mtu aliyelima shamba akaona nyasi zimerudi.

Nikamgusa bega. Akazima injini. Nikamwonyesha msumari.

"Muzee Yusufu," akasema, "nikivaa ile vitu, mashini ntaijua namna gani? Si bote hapa banasemaga mashini ni ya kusikiliza?"

Siku hizi sijibu upesi. Nusu ya swali hunifikia, nusu nyingine naikisia. Nilirudi nyumbani nikaanza kuandika haya, kwa ajili yake kwanza, kwa sababu masikio yake bado ni mazima na nataka yabaki hivyo, kisha kwa ninyi wengine mnaoshika mashine za kukoboa kutoka hapa mpaka Kasese mjini. Habari za vyeo na mishahara siziandiki. Hakuna aliyepandishwa cheo, na mshahara mnaujua.

Baba yangu alikuwa mtu wa malori, mmoja wa wale Waislamu wa Kasese waliozoea kulala Kikorongo wakingoja mzigo. Alitaka niwe dereva. Nilipolitia lori lake mtaroni mchana kweupe, barabara ikiwa kavu, alinipandisha juu ya magunia matupu, akanileta Bwera na kumwambia Mzee Masereka, "Huyu na usukani hawapatani. Mjaribu wewe." Huo ndio usaili niliofanyiwa.

Masereka ndiye aliyekuwa mkuu wa mashine. Alikuwa Mkonzo wa milimani, mtu wa kanisa, mfupi, mwenye viganja vipana na maneno machache. Kwa msiojua kazi yetu, nieleze kidogo. Mkulima analeta kahawa iliyokauka na maganda yake, ile tunayoiita kiboko. Inamwagwa juu, inashuka kwenye roli ya chuma inayozunguka, na pembeni ya roli kuna kipande cha chuma tunachokiita kisu. Kisu kikiwa mbali na roli, kahawa inatoka na maganda. Kikiwa karibu mno, punje zinavunjika na kuwa chenga, na mnunuzi akiona chenga anakunja uso. Kazi yote iko kwenye ule upenyo, ambao hurekebishwa kwa boliti moja. Masereka aliurekebisha kwa sikio.

Siku ya kwanza alinikalisha kwenye gunia, mgongo wangu ukielekea mashine. "Usiangalie," akanipigia kelele. "Sikia. Mashini iko inasema." Nikasikia. Alikuwa akisogeza kisu mbali, sauti inakuwa nene na ya kivivu. Akikisogeza karibu, juu ya ngurumo ile unatokea mlio mwembamba wa kupasuka, kama chumvi iliyotupwa motoni. Hizo ni punje zinazovunjika. Kati ya sauti hizi mbili ndipo kahawa njema inapopatikana, naye alipajua kama mtu anavyojua mlango wa nyumba yake. Angeweza kuwa nje akibishana na mwenye lori, akakatiza neno, akaingia ndani, akalegeza boliti kidogo, kisha akarudi kumalizia ubishi.

Jioni alikuwa na kazi nyingine. Injini ikishazimwa, roli huendelea kuzunguka yenyewe kabla ya kusimama. Hapo aliinua mkono na sote tukanyamaza, hata wapagazi. Alikuwa akisikiliza beringi, kile chuma chenye gololi kinachoshika shafti, yaani mhimili wa roli. Beringi inayoanza kukauka hupiga filimbi nyembamba sana, kabla haijapata joto wala kutikisika. Ukiisikia mapema, unaifungua, unaweka grisi, unakwenda kula. Usipoisikia, shafti inakwama katikati ya msimu, mkanda unakatika na kumchapa mtu usoni. Wakati ule mimi nami niliisikia vizuri.

Kimya kilipotulia jioni hiyo ya kwanza, nikagundua kwamba kwangu hakikuwa kimya. Masikio yalikuwa yameziba, na ndani yake kulikuwa na mlio mmoja mrefu. Mpagazi mmoja akajigusa sikio, akaniuliza, "Inalia?"

"Inalia," nikasema.

Wakapiga makofi na kucheka. Masereka akaagiza chai ya tangawizi na chapati, akaniwekea mbele. "Mashini imekusalimia," akasema. "Sasa uko mutu ya mashini."

Huo ulikuwa utaratibu wetu, na mnaujua kwa sababu bado upo. Mgeni huulizwa jioni. Akisema inalia, anapata chapati. Akisema hasikii kitu, wanamwangalia kama mtu aliyejificha choo siku nzima. Asubuhi yangu ya pili mlio ulikuwa umekwisha, nikaamini usingizi umenitibu. Sote tuliamini hivyo kwa miaka mingi.

Kwenye chumba cha mashine tuliongea kwa mikono. Ngumi ilikuwa "simamisha". Kusugua vidole viwili ilikuwa "inatoa chenga". Nyumbani tuliongea kwa kupiga kelele bila kujua. Mke wangu Mariamu aliniambia majirani wanadhani tunagombana kila chakula cha jioni, na kwamba wengine wameanza kumwonea huruma. Nilidhani ananitania.

Kisha ukaja msimu ambao wateja walianza kunung'unika. Chenga zilikuwa nyingi. Masereka alikuwa na jibu lake: mmeianika kahawa kupita kiasi, imekauka mpaka imekufa, sasa inapasuka yenyewe. Wengine walikubali kwa sababu alikuwa Masereka. Akaja mama mmoja wa milimani, mjane, aliyekuwa ameteremsha magunia yake kwa jasho kweli. Alipoambiwa hivyo alichukua punje, akaiweka kati ya meno, akaiuma mbele ya watu, akaitoa. Ilikuwa na alama ya jino tu. Punje iliyokauka kupita kiasi ingesagika.

"Angalia, muzee," akamwambia. "Hii njo imekufa? Hii kahawa njo iko inasomesha batoto. Weye uko unanivunjia batoto!"

Nilikuwa kwenye magunia, hatua chache nyuma. Masereka alimwaga debe jingine la kahawa yake na kuinama juu ya kisu. Nami nikausikia ule mlio wa chumvi motoni, wazi kabisa. Sikio lake lilikuwa karibu kugusa chuma na uso wake umetulia, kama wa mtu anayepewa habari njema. Nikamsugulia vidole viwili. Akatikisa kichwa. Nikasugua tena. Akakasirika, akanionyesha mlango. Badala ya kutoka nikamsogelea, nikachukua spana na kuilegeza boliti mwenyewe. Mlio ukafa. Kahawa ikaanza kutoka nzima.

Aliitazama ile kahawa. Akaitazama spana mkononi mwangu. Kisha akazima injini.

"Umesikia nini?"

"Ilikuwa inavunja, mzee."

"Mimi sikusikia." Alikaa kwenye gunia, palepale aliponikalisha siku ya kwanza. "Kuko mududu mu sikio. Anaimba muchana na usiku. Njo anafunika mashini."

Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kumtazama. Alikuwa amelificha jambo hilo muda mrefu. Mke wake alikuwa akimtia mafuta ya uvuguvugu sikioni, kisha anamshikia tochi ili mdudu afuate mwanga na kutoka nje. Walikuwa wamemsubiri sana yule mdudu. Kaka mkubwa wa Masereka, aliyewahi kutoboa miamba kwenye mgodi wa Kilembe, naye alikuwa na mlio kama huo, kwa hiyo ukoo mzima ulikubaliana kwamba wadudu wanawapenda watu wa ukoo ule. Hakuna aliyefikiria kwamba mmoja alishika mashine ya kutoboa na mwingine alishika ya kukoboa.

Tulipanda boda boda moja mpaka hospitali ya misheni kule Kisinga. Aliyeshughulika na masikio alikuwa nesi, jina lake Kabugho, mwanamke asiyekuwa na haraka. Alimulika ndani, akasema hajawahi kuona sikio safi namna ile, mafuta yamelisafisha, na mdudu hayumo. Akatoa vyuma viwili vyenye meno mawili kama uma, kimoja kikubwa, kingine kidogo. Aligonga kile kikubwa, akakisogeza sikioni, Masereka akaitikia kwamba anasikia. Akagonga kile kidogo. Kilitoa sauti tamu, nyembamba, iliyojaa chumba kizima. Masereka alibaki amemtazama mdomoni.

"Piga," akasema.

"Nimeshapiga, mzee."

Alituchorea mezani kwa kidole. Ndani kabisa ya sikio, ndani ya mfupa, kuna kitu kilichojikunja kama nyumba ya konokono, kimejaa maji. Humo mmepangwa vinywele vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Sauti ikiingia, maji yanatikisika, vinywele vinapinda, na kupinda kwao ndiko kunakopeleka habari kwenye ubongo. Sauti ya kawaida inavipindisha na vinainuka. Kelele kubwa, siku baada ya siku, inavipindisha mpaka vinavunjika. Vile vya mlangoni ndivyo vinavyopokea sauti nyembamba, na ndivyo huumia mapema, akasema, kama nyasi za mlangoni mwa zizi. Ndiyo maana Masereka aliendelea kusikia ngurumo vizuri kabisa na kuamini kwamba anasikia kila kitu. Kilichomtoroka ni kile chembamba tu, yaani kilekile kilichokuwa kazi yake.

"Vinaota tena?" nikauliza.

"Havioti. Na ubongo unaendelea kungoja habari kutoka pale. Zisipokuja, unategea zaidi na zaidi, mpaka unaanza kusikia kelele yake wenyewe. Huyo ndiye mdudu wako, mzee."

"Ataisha lini?" Masereka akauliza.

"Huenda asiishe. Utajifunza kuishi naye."

Masereka akaitikia kwa adabu, akashukuru, kisha akauliza kama kuna dawa kali zaidi ya kumtoa. Nesi Kabugho alimweleza tena tangu mwanzo, polepole, akimtazama usoni ili aone midomo. Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe, jioni masikio yako hulia?"

Nilicheka, nikamsimulia habari ya chapati. Yeye hakucheka.

"Mnapeana chapati kwa kuumia," akasema. "Asubuhi mlio ukiisha, usidhani umepona. Vilivyopinda vimeinuka. Vilivyovunjika vimebaki palepale."

Hajji alitaka kumwondoa Masereka, na ukweli ni kwamba alikuwa na haki. Wateja walikuwa wanahamia kwingine. Masereka aliomba aachwe mpaka msimu uishe. Nilidhani anaomba kwa uchungu tu. Kumbe alikuwa na jambo kichwani. Alianza kuweka kiganja cha kushoto juu ya bamba la mashine, pale karibu na kisu, na kiganja cha kulia mahali kahawa inapotokea. Mwanzoni aliharibu kahawa, tena alinunua baadhi yake yeye mwenyewe kwa aibu. Kisha mkono ukajua. Punje zikivunjika, bamba hutoa mtekenyo mkavu, mdogo, unaopanda mpaka kwenye kiwiko, na kiganja cha kulia kinathibitisha kwa kupapasa punje. Kabla msimu haujaisha, kahawa yake ilikuwa nzima kuliko ya mtu yeyote, nami aliyekuwa na masikio nikaanza kumwiga. Yule mama wa milimani alirudi. Alimwaga magunia yake na kusimama pale mpaka punje ya mwisho, na Hajji akaacha habari ya kumwondoa Masereka.

Jambo moja kiganja hakikuliweza, nalo ni ile filimbi ya beringi. Mtikisiko hufika mkononi wakati tayari umechelewa. Kila jioni Masereka aliinua mkono kama zamani, tukanyamaza, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa namwambia ipo au haipo. Miaka yake ya mwisho kazini tulikuwa mtu mmoja mwenye viganja vyake na masikio yangu.

Vifuniko vya masikio vilikuja baadaye, Hajji alipovipata kwa mfanyabiashara mmoja sokoni Mpondwe. Nilivivaa, wapagazi wakaniita DJ, wakaniomba niwapigie nyimbo. Kabla ya hapo nilikuwa natumia pamba, na Nesi Kabugho alikuwa ameniambia pamba inazuia vumbi tu. Wanangu, kama mnalazimika kumpigia kelele mtu aliye karibu kiasi cha kumgusa kwa mkono, basi mahali hapo panawala. Vaeni kabla injini haijawashwa na vueni ikishazimwa, si kuvua katikati ili kusikia mteja anataka nini. Mteja atoke nje, mtaongea huko. Injini iwekwe nyuma ya ukuta. Pokezaneni. Na mkishatoka kiwandani, msiende kusimama mbele ya spika za arusi eti mnapumzika.

Kwangu mimi vilichelewa. Mlio wa asubuhi ulikuwa umeanza kubaki mpaka saa ya chai, kisha mpaka adhuhuri, kisha ukahamia kabisa.

Nilimtembelea Masereka kwake mlimani kabla hajafariki. Nilidhani atalalamikia yule mdudu wake. Alisema amemzoea. Kilichomuumiza kilikuwa sauti za wajukuu, kwa sababu sauti za watoto ni nyembamba. "Banakuja, banasema, mimi nacheka tu," akaniambia. "Sasa bameacha kusema." Nilishuka mlima ule na majonzi ambayo hayajanitoka.

Miaka yote nilingoja kustaafu kwa sababu moja: nilitaka kimya. Nilijiona nimekaa barazani, bila injini, bila mkanda, bila mtu wa kuniita. Nimekaa barazani sasa. Injini haipo, na mlio upo, mkubwa kuliko nilivyowahi kuujua, kwa sababu hakuna kingine cha kuufunika. Msikitini nafuata mgongo wa aliye mbele yangu; akiinama nami nainama. Mariamu hunigusa mkono kabla ya kusema jambo. Redio ya sauti ya chini hunisaidia kulala, na nimejifunza kutougombeza ule mlio, kwa sababu ukiugombeza unakua. Lakini nimechoka, na uchovu huu haupungui kwa kulala.

Nilipofika hapa katika kuandika, niliacha kalamu nikarudi kwa Biira. Nilitoa vifuniko kwenye msumari, nikamvika mwenyewe. Nikamwashia injini. Nikachukua kiganja chake cha kushoto, nikakibandika juu ya bamba karibu na kisu, kisha nikakaza boliti mpaka punje zikaanza kuvunjika. Akakunja uso, hakuelewa. Nikalegeza. Nikakaza tena. Safari hii macho yalimtoka, akanitazama, akasugua vidole viwili. Chenga. Nilitaka kumkumbatia, lakini yeye ni binti wa watu na wapagazi walikuwa wanatuangalia.

Nilimwachia siku kadhaa. Leo alasiri nimepita tena. Injini ilikuwa inanguruma. Nikasimama mlangoni nikamwita kwa sauti yangu yote. Hakusikia. Alikuwa na vifuniko kichwani, vimejaa vumbi, viganja vyote viwili kazini. Kwa miaka mingi niliumia kila nilipomwita Masereka naye asigeuke. Leo nimefurahi, nikakaa kwenye gunia kumsubiri.

Alipozima injini alivua vifuniko na kuinua mkono. Wapagazi wakanyamaza. Roli ilikuwa inazunguka polepole, inakaribia kusimama. Biira akainamisha kichwa.

"Muzee," akasema, "beringi ya kushoto iko inapiga filimbi. Kidogo sana."

Nikaweka kiganja changu pale. Bamba lilikuwa baridi, limetulia kabisa. Nikategea sikio, nikausikia mlio wangu tu. Tukafungua kifuniko cha beringi. Grisi ilikuwa imekauka, nyeusi, imeganda pembeni kama ukoko wa sufuria.

"Nawe umeisikia?" akaniuliza.

"Hapana," nikasema. "Lakini naikumbuka."

Kisha nikamtuma mpagazi akamletee chapati.